Alileta Maji Makavuni

Katika nchi yetu kiongozi hasubiri kufa ndipo awekewe jiwe la kaburi. Huko ni kuwaachia warithi kazi nyeti, na warithi hawaaminiki. Wengine huandika jina na miaka basi, kana kwamba marehemu alikuwa mtu kama watu. Kwa hiyo ikapitishwa sheria kwamba kila kiongozi, kuanzia mkurugenzi kwenda juu, aandaliwe jiwe lake angali hai, alisome, aliridhie, alikatie utepe na, akiguswa, alipigie makofi. Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nimelisahau tu, na kila niliyemuuliza naye ghafla akawa amelisahau.

Mimi nilikuwa Mwandishi Mwandamizi wa Maneno ya Mwisho katika Wizara ya Kumbukumbu Njema. Ujanani nilitaka kuwa mshairi. Nilitoa kitabu kimoja cha mashairi, na mama mkwe wangu alikinunua, akakisifu kwamba kinakaa vizuri chini ya mguu wa meza. Serikali ikaona kipaji, ikaniajiri.

Bila kujisifu (najua hapa ndipo watu hujisifu), mawe yote mazuri unayoyaona mjini kwetu ni yangu. Ni mimi niliyemwandikia Mkurugenzi wa Umeme TAA ILIYOZIMIKA INGALI INAWAKA. Ni mimi niliyempa yule jaji mkuu neno moja tu, HAKUYUMBA, ingawa mji mzima ulijua alivyokuwa akitembea anapotoka klabuni. Jumapili nilikuwa nikienda makaburini kujisomea kazi zangu, mikono nyuma, nikijifanya nimekuja kuomba dua. Mke wangu, Zawena, aliniuliza siku moja kwa nini kila nitokapo makaburini narudi nikipiga mluzi. Sikuwa na jibu la kusema mbele ya watoto.

Sasa, siku moja niliitwa na Waziri wa Maji, Mheshimiwa Daktari Gervasi Mpondela. Alikuwa mtu mnene, mwenye afya tele, na alikunywa maji ya chupa tu, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua hali ya yale mengine.

"Mwandishi," akaniambia, "jiwe langu halitakaa hapa mjini kusongamana na ya wenzangu. Litasimama kwetu Makavuni, kando ya barabara kuu. Nataka mtu akipita na gari alisome bila kupunguza mwendo."

"Basi, Mheshimiwa, maneno yawe machache na herufi ziwe kubwa."

"Machache? Mimi nimeandaa kurasa."

Nikafumba macho. Nikifumba macho huonekana kama mtu anayepokea kitu kutoka juu. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Kisha nikayafumbua, nikasema taratibu: "Alileta Maji Makavuni."

Waziri akatoa kitambaa, akajifuta jicho moja, halafu la pili ili lisione wivu.

"Mwandishi, hayo maneno yamenigusa," akasema. "Ila Makavuni hakuna maji."

"Hakuna kwa sasa, Mheshimiwa. Lakini jiwe ni la siku ambayo wewe hutakuwapo. Siku hiyo maji yatakuwapo."

"Una maana nikiondoka mimi ndipo maji yatakuja?"

Nikaiona kazi yangu ikichungulia dirishani, tayari kuruka. "Nina maana, Mheshimiwa, siku hiyo yatakuwa yameshakuja zamani."

"Hapo sawa," akasema.

Mchongaji wetu, Fundi Mbaraka, alilichonga lile jiwe katika marumaru nyeusi, refu kama mlango wa msikiti, herufi za dhahabu zimezama ndani kiasi cha kidole. Siku ya uzinduzi tulikwenda Makavuni na matarumbeta, magari yakitimua vumbi hadi mbuzi wakabadilika rangi. Makavuni ni kijiji cha watu wapole wanaotembea asubuhi nzima kufuata kidimbwi, na jioni nzima kurudi. Walipangwa juani, wakapewa bendera ndogo za kupepea.

Mheshimiwa alikata utepe mbele ya kaburi lake mwenyewe, tupu, lililosakafiwa kwa vigae. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Leo si siku ya huzuni! Mimi kufa sitakufa hivi karibuni, msihofu!"

Watu hawakuonekana kuhofu, lakini walipepea.

"Nimewaletea jiwe! Viongozi wangapi wamewahi kuwaletea jiwe? Someni wenyewe. Kilichoandikwa hapa kimeandikwa na serikali, na serikali ikiandika, imeandika!"

Nilisimama nyuma yake nikipokea makofi ambayo hakuna aliyekuwa akinipigia. Wasiojua kusoma walisomewa na wanaojua. Minong'ono ikaenda hadi nyuma, ikarudi mbele ikiwa imechangamka, na mama mmoja mwenye kanga ya njano akanyoosha mkono. Baadaye nilikuja kumjua kwa jina: Bi Sikudhani.

"Mheshimiwa, tunashukuru sana. Tuje na vyombo kesho?"

Waziri alifikiri anaulizwa habari ya pilau. "Njooni!" akasema. "Njooni na vyombo!"

Kesho yake wakaja.

Nilipata habari nikiwa ofisini, nikitafuta neno linalolingana na mkurugenzi mmoja wa magereza. Simu ikalia: Makavuni kuna foleni kaburini. Madumu, ndoo, masufuria, mapipa juu ya punda. Watu wamekaa kwa utulivu kabisa mbele ya jiwe la Mheshimiwa wakisubiri maji. Ikaamuliwa kwamba kwa kuwa tatizo ni la lugha, apelekwe mtu wa lugha.

Nilimkuta Bi Sikudhani mbele kabisa, amekalia dumu lake, anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa nyuma ya yule wa ndoo nyekundu. Yeye ndiye wa mwisho."

"Mimi sikuja kuchota. Nimetoka serikalini."

Foleni nzima ikasimama. Mtu akaanza kupiga vigelegele, ikabidi nimnyamazishe.

"Ndugu zangu," nikasema, "kuna kutoelewana kidogo. Maneno haya ni sanaa. Katika lugha tuna kitu kinaitwa tamathali za semi. Mshairi akisema moyo wangu unawaka, hamwendi na ndoo kumzima."

"Kama nyumba yake inatoa moshi tunakwenda," akasema mzee mmoja.

"Haya ni maji ya kimaana, mama," nikamgeukia Bi Sikudhani. "Maji ya matumaini, ya maendeleo, ya fikra."

"Yanaivisha maharage?"

"Hayaivishi, lakini..."

"Nani aliyeandika pale juu?"

Hapa nilipaswa kunyamaza. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo hadharani tangu niajiriwe, na shingo yangu ikanyooka yenyewe.

"Ni mimi, mama."

"Hongera sana. Maandishi mazuri, yanasomeka hadi kule barabarani." Akalipigapiga dumu lake. "Sasa, baba, wewe ndiye uliyeandika kwamba yaliletwa. Yaliwekwa wapi?"

Nilirudi mjini nikiwa nimekosolewa na watu ambao nusu yao hawajui irabu ni nini, na lililoniuma zaidi ni kwamba swali lilikuwa sahihi kisarufi.

Kikao cha dharura kikaketi. Mheshimiwa Mpondela alikuwa hajanyoa. Akauliza kama maneno hayawezi kufutwa. Fundi Mbaraka akaitwa, akaeleza kwamba dhahabu imezama. Kuyafuta ni kulivunja jiwe, na kuvunja jiwe la kiongozi ni kosa la uhaini. Mheshimiwa akauliza: hata kama anayevunja ndiye mwenye jiwe? Hapo mwanasheria wa wizara alisema ingebidi mwenye jiwe ajishtaki mwenyewe, na kesi kama hizo huchukua muda.

"Ila nafasi ya kuongeza ipo," akasema Fundi Mbaraka. "Pale chini."

Wote wakanigeukia mimi. Nilipinga. Niliwaambia kwamba maneno yale matatu ndiyo kazi bora ya maisha yangu, hayana cha kuongezwa wala kupunguzwa. Nilipandisha sauti; nadhani hata machozi yalinilenga. Mheshimiwa aliniuliza kama ningependa kuanza kuandaa jiwe langu mwenyewe. Basi nikafikiri upesi, nikapata namna ya kulainisha jambo, kulisogeza mbele kidogo bila kulikana. Fundi Mbaraka akaenda akaongeza chini ya maneno yangu: HIVI KARIBUNI.

Mimi niliona nimeokoa serikali. Nilichokuwa nimefanya ni kutangaza muda.

Kufikia juma lililofuata vijiji vya jirani vyote vilikuwa vimehamia Makavuni. Jiwe sasa lilisema maji ni hivi karibuni, na nani angetaka kukuta wenzake wamemaliza? Wauza mihogo wakaja. Kinyozi akatundika kioo chake kwenye kona ya kaburi. Foleni ilipita shuleni, ikavuka barabara kuu, ikakunja kona. Kamanda wa polisi alipelekwa kuwatawanya, akafika, akapiga saluti mbele ya jiwe kama sheria inavyotaka, kisha akasoma kanuni na kugundua kwamba mtu yeyote aliyekaa kimya mbele ya kaburi la kiongozi anahesabika kuwa mfiwa, na mfiwa hasumbuliwi. Akaweka askari wa kulinda foleni isivurugike.

Redio ya taifa nayo, isiyojua kutangaza jambo baya, ikatangaza hivi: "Wananchi wafurika usiku na mchana katika kaburi la Mheshimiwa Mpondela kwa mapenzi yasiyo kifani."

Mkuu wa Nchi akasikia.

Lazima nieleze kwamba Mkuu wa Nchi yetu ni mtu mwema sana, na jiwe lake ni kubwa kuliko uwanja wa mpira wa mjini kwetu. Lakini mbele ya jiwe lake hapakuwahi kuwa na foleni, isipokuwa ya wafagizi. Inasemekana alizima redio, akanywa chai bila sukari, halafu akauliza kwa upole: "Huyu Mpondela, watu wote hao anawataka wa nini?"

Swali lile lilipofika wizarani, Mheshimiwa Mpondela alikaa chini taratibu kama mtu anayeketi juu ya kiti asichokiamini. Nilimwonea huruma kweli. Mashavu yake yalikuwa yameshuka.

"Lazima watu wale waondoke," akasema. "Leo. Wasionekane hata mmoja. Nipeni njia."

Tukatoa njia. Mmoja alisema jiwe lifunikwe; akajibiwa kwamba watu watasema maji yako chini ya turubai. Mwingine alisema itangazwe kwamba Mheshimiwa hajafa. Akajibiwa kwamba hakuna aliyewahi kusema amekufa. Mimi nilipendekeza tuongeze neno lingine kwenye jiwe, na wakaniambia ninyamaze, kwa lugha ambayo sitaiweka hapa. Ndipo injinia wa wizara, mtu mpole aitwaye Lutengano, ambaye kwa miaka yake yote ya utumishi alikuwa akiketi mwisho wa meza kujaza idadi ya wajumbe, akasafisha koo.

"Tungeweza kuwapelekea maji," akasema.

Tukamtazama.

"Maji gani?" akauliza Waziri wa Maji.

"Ya kawaida, Mheshimiwa. Ya bomba."

"Hakuna njia nyingine kabisa?"

"Nyingine zote tumeshazijaribu."

Mabomba yakatafutwa, na kumbe yalikuwapo. Yalikuwa yamezungushiwa bustani ya Wizara ya Maji, jirani na yetu, kama uzio, yamepakwa chokaa, na mimi mwenyewe nilikuwa nikifunga baiskeli yangu pale kila asubuhi. Yakang'olewa. Mtaro ukachimbwa kutoka chemchemi ya mlimani hadi Makavuni, watu wa foleni wakisaidia kuchimba bila kupoteza nafasi zao, na bomba likaletwa mpaka miguuni pa jiwe lenyewe, kwa kuwa Waziri hakutaka kuacha shaka yoyote tena katika usomaji. Koki ikafungwa.

Tulikwenda tena na matarumbeta. Mheshimiwa alipanda jukwaani na hotuba nene, akafungua koki kwa mkono wake. Kwanza ikatoka hewa, ikakohoa kama mzee aliyeamshwa. Ikatoka kutu. Halafu yakaja maji.

Bi Sikudhani alitia kiganja kwanza, akakitazama, akanywa. Akatia dumu. Hakupiga hata kigelegele. Dumu likajaa, akalifunga, akajitwika, akashika njia ya nyumbani. Wa pili naye hivyohivyo. Kila aliyejaza alikwenda zake, maana kulikuwa na maharage ya kupika na watoto wa kuogesha na nguo za tangu nani anajua lini. Mheshimiwa alipofika ukurasa wa pili wa hotuba, palibaki matarumbeta, mimi, na punda mmoja ambaye mmiliki wake alikuwa amerudi nyumbani kuchukua pipa.

"Ndugu wananchi," Waziri alimwambia yule punda, kisha akafunga karatasi zake.

Lakini alikuwa amepona. Foleni ilikwisha, redio ikanyamaza, Mkuu wa Nchi akarudi kwenye sukari.

Walioumia ni wengine. Habari zilipotembea, wananchi kote nchini wakaanza kusoma mawe ya viongozi wao kwa makini kuliko tulivyokusudia. Watu wakaonekana wamebeba wagonjwa kuelekea kwenye jiwe la Waziri wa Afya lililosema ALITUPONYA. Wengine walikuwa wakiulizia nauli mbele ya ALITUFIKISHA. Viongozi wakaingiwa na unyenyekevu wa ghafla. Marumaru zikafunikwa mashuka, sheria ikabadilishwa mchana uleule, na tangu siku hiyo jiwe la kiongozi linaruhusiwa kuwa na jina lake tu, na hata jina likiwa na maana inayoeleweka sharti lifupishwe.

Wizara ya Kumbukumbu Njema ikafungwa. Niliagwa kwa soda. Bosi wangu alinishika mkono akaniambia taifa halitanisahau, na nilipofika getini mlinzi akaniuliza mimi ni mgeni wa nani.

Nilikaa nyumbani nikiandika maneno yangu mwenyewe, ya jiwe langu, kwa kuwa sasa nilikuwa na nafasi. Nilianza na MSHAIRI WA TAIFA. Nikaona ni makubwa. Nikaandika MTUMISHI WA MANENO. Zawena alipita na ufagio akasoma begani kwangu. "Andika AMEACHA MEZA IKIYUMBA," akasema, akaendelea kufagia.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Makavuni: Bi Sikudhani ananiita. Nilidhani nimeitwa kushukuriwa, nikavaa koti.

Kumbe mtaro wa mabomba ulikuwa umepita makaburini kwao, makaburi ya watu wasio na cheo, na jembe la mtu fulani lilikuwa limevunja saruji ya kaburi la mumewe, mzee Athumani Kibuyu. Bi Sikudhani alikuwa ameikoroga saruji nyingine mwenyewe, kwa maji ya bomba, akaisawazisha kwa mwiko. Ilikuwa bado mbichi.

"Maneno ya mwanzo yalivunjika," akasema. "Nikasema nimwite yule mwandishi wa serikali. Nimekuandalia msumari."

Nikafumba macho. "ALIYEVUKA KABLA YA..."

"Kuvuka wapi?"

"NYOTA YA MAKAVUNI."

"Athumani?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba, wewe unamjua?"

"Hapana, mama. Simjui."

"Basi ulikuwa unaanzaje?"

Katika utumishi wangu wote sikuwahi kuulizwa hivyo. Akanipa kigoda, akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kunieleza. Alinieleza kwamba Athumani alikuwa mfupi na hakukubali kuwa mfupi. Kwamba alichukia bamia. Kwamba mtoto wao wa kwanza alipofariki alishinda siku nzima akitengeneza paa ambalo halikuwa linavuja. Kwamba kila jioni aliweka redio magotini, na taarifa ya habari ikianza alikuwa akiijibu: "Uongo! Lini? Wapi? Nani kakwambia?" hadi majirani wakawa wanakuja kumsikiliza yeye badala ya redio. Jua lilikuwa likipanda, na saruji ilianza kukaza. Mimi nilikuwa nimesahau msumari mkononi.

"Andika," akasema mwishowe, "Athumani, mume wa Sikudhani. Alipenda kubishana na redio."

Nilipiga magoti, koti na yote. Nikaandika. Saruji ilikuwa nzito na msumari uliniteleza, kwa kuwa hapo awali nilikuwa nikitoa amri tu na wengine wakichonga. Nilipomaliza nilisimama, nikajipangusa, nikarudi nyuma hatua chache kama wafanyavyo wasanii, na nikaona.

ALIPENDA KUBISHNA NA REDIO.

Nilirudi chini haraka nikajaribu kuipenyeza ile A, lakini saruji ilikuwa imekwisha kukauka. Msumari uliacha mkwaruzo mweupe tu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitanunua saruji nyingine, nitarudia yote, sijawahi kukosea herufi maishani. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia, na safari hii sikuwa nimejizoeza.

Bi Sikudhani aliinama akasoma polepole, akifuata kwa kidole.

"Iache hivyohivyo," akasema. "Ukiirekebisha atakubishia na wewe."

Akachukua kata, akanawisha mikono yangu. Mpita njia mmoja, mwanamke aliyekuwa anatoka bombani na ndoo kichwani, alisimama kusoma. Akacheka kidogo alipofika kwenye redio, halafu akakunja uso.

"Mama Sikudhani, hapa kuna herufi imeliwa. Ni nani kakuandikia?"

"Huyu hapa," akajibu Bi Sikudhani, akinielekeza kwa kidevu, bila ubaya wowote. "Alikuwa serikalini."